Kutunza foili na kuzuia vyuma vyake visiliwe na chumvi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudi kila msimu, kusi na kaskazi, kutoka kwa walimu wa kaiti, wakodishaji na wenye foili zao wenyewe (foili ni mlingoti wenye mabawa unaofungwa chini ya ubao na kuuinua juu ya maji ukishika mwendo), kuanzia Paje na Jambiani hadi Diani, Kilifi na Watamu. Anayeanza asome sehemu mbili za mwanzo. Ambaye skrubu yake imeshaganda aende moja kwa moja sehemu ya nne kabla hajashika nyundo.

## 1. Misingi

Foili ina sehemu gani, na chumvi huanzia wapi?

Kutoka juu kwenda chini: kuna bamba linalofungwa chini ya ubao, mlingoti unaoshuka majini, fyuselaji (kile kipande kirefu cha katikati), bawa kubwa la mbele na bawa dogo la nyuma. Bamba hufungwa kwa skrubu nne, kwa kawaida za M8 (yaani unene wa milimita 8), zinazoingia kwenye nati zinazoteleza ndani ya reli mbili za ubao. Mabawa hufungwa kwenye fyuselaji kwa skrubu za M6 au M8, kutegemea kampuni.

Mlingoti wa bei nafuu ni wa alumini, wa bei kubwa ni wa kaboni. Fyuselaji nyingi ni za alumini hata pale mlingoti na mabawa yanapokuwa ya kaboni. Skrubu ni za stenlesi au titaniamu. Chumvi huanza kazi yake pale vitu hivi vinapogusana: mlingoti unapoingia kwenye fyuselaji, ndani ya matundu ya skrubu, na chini ya bamba. Katikati ya mlingoti, panapoonekana na kila mtu, huwa ndipo pa mwisho kuharibika.

Si wanasema alumini haishiki kutu?

Alumini haitoi kutu nyekundu, na hilo ndilo linalowadanganya wengi. Juu yake hujijengea utando mwembamba wa oksidi unaoikinga, na viwandani utando huo hunenepeshwa kwa umeme, kazi inayoitwa anodaizi. Kloridi iliyomo kwenye chumvi ya bahari hupenya utando huo penye mkwaruzo, au kwenye upenyo ambao hewa haiufikii, na hapo alumini huanza kuliwa kwa vishimo. Dalili yake ni unga mweupe.

Unga huo huhitaji nafasi kubwa kuliko alumini iliyoliwa. Ndani ya tundu la skrubu hauna pa kwenda, kwa hiyo unabana. Ukifanikiwa kuitoa skrubu "iliyoshika kutu" mara nyingi utaikuta yenyewe inang'aa, meno yake yote yamejaa weupe. Kilicholiwa ni tundu.

Kwa nini kaboni na alumini zikikaa pamoja ni balaa zaidi?

Kwa sababu kaboni hupitisha umeme. Ukiweka vitu viwili vya aina tofauti vinavyopitisha umeme ndani ya maji ya chumvi, vikiwa vimegusana, umetengeneza betri, na katika betri hiyo kimoja hutoa chembe za umeme na kingine huzipokea. Kwenye maji ya bahari zinki na alumini ziko upande wa watoaji. Stenlesi na titaniamu ziko upande wa wapokeaji, na kaboni iko mwisho kabisa wa upande huo. Tofauti kati ya alumini na kaboni hukaribia volti 1. Anayetoa ndiye anayeliwa.

Ukubwa nao una neno. Fyuselaji ndogo ya alumini iliyobanwa kati ya mlingoti wa kaboni na mabawa mapana ya kaboni huliwa haraka kuliko mlingoti mkubwa wa alumini wenye skrubu chache za stenlesi, kwa kuwa eneo dogo linalipa deni la eneo kubwa.

Betri hiyo inahitaji mambo matatu: vyuma tofauti, mguso, na maji ya chumvi. Vyuma ulishavinunua, huwezi kuvibadili. Unachoweza ni kuweka kizuizi katikati yake, yaani grisi, na kuondoa chumvi. Karibu kila jibu lililo hapa chini linarudi kwenye kazi hizo mbili.

Nikiikausha vizuri bila kuisuuza, chumvi iliyokauka itadhuru?

Itadhuru, na hapa ndipo foili nyingi za pwani yetu zinapofia. Chumvi ya bahari haikauki kwetu. Ndani yake, mbali na chumvi ile ya jikoni, kuna kloridi ya magnesiamu, ambayo huvuta maji kutoka hewani hata unyevu wa hewa ukiwa asilimia 33 tu. Chumvi ya jikoni yenyewe huanza kulowa kwenye asilimia 75, na usiku wa pwani kiwango hicho ni cha kawaida sana. Foili uliyoianika juani ikaonekana kavu saa kumi, saa nne usiku iko majimaji tena ndani ya viungo vyake, na betri inaendelea kufanya kazi mpaka asubuhi.

Joto linaongezea. Maji ya Bahari ya Hindi kwetu huwa kati ya nyuzi 25 na 30 hivi mwaka mzima, na kazi zote za kikemia huenda mbio kwenye joto. Kwa hiyo ratiba ya matengenezo iliyoandikwa kwa ajili ya watu wa Ulaya, wanaocheza wikendi kwenye maji baridi, isikutoshe wewe unayeishi hapa.

## 2. Ukitoka majini

Nifanye nini, kwa mpangilio?

Suuza foili nzima kwa maji matamu kabla haijakauka, kuanzia juu, uondoe mchanga. Kisha fungua: bawa la nyuma, bawa la mbele, halafu fyuselaji kutoka kwenye mlingoti. Tumbukiza skrubu zote kwenye kikombe au beseni dogo la maji matamu. Suuza kila uso uliokuwa umefichwa na upitishe mswaki wa zamani ndani ya matundu. Simamisha mlingoti wa alumini wima, kwa sababu mingi ina uwazi ndani na maji hubaki humo. Ukiugeuza utayaona yanachuruzika kwa muda mrefu kuliko ulivyodhani. Futa kwa kitambaa, acha kivulini penye upepo, paka grisi kabla ya kufunga tena.

Kazi yote haifiki robo saa ukiizoea.

Kuimwagia maji ikiwa imefungwa hakutoshi?

Hakutoshi. Maji ya mpira hayapenyi kwenye kiungo kilichobanwa kwa skrubu. Maji ya bahari yalipenya kwa kuwa foili ilikaa chini ya maji saa nzima au mbili, ikitikisika na kupindika kila ulipopanda na kushuka. Ukimwaga maji matamu juu yake kwa dakika mbili unasafisha pale ambapo hapakuwa na tatizo. Vilevile kuna hasara ya ziada: unaongeza maji kwenye chumvi iliyomo ndani bila kuitoa.

Kama siku hiyo kweli huna nafasi ya kuifungua, afadhali izamishe kwenye pipa la maji matamu kwa saa kadhaa kuliko kuinyunyizia.

Lazima niifungue kila siku?

Inategemea imeundwa kwa nini. Yenye alumini na kaboni pamoja, ndiyo, kila siku iliyoingia baharini. Ya alumini tupu yenye skrubu za stenlesi na grisi nzuri inaweza kuvumilia siku mbili tatu za mfululizo, lakini isikae wiki. Ya kaboni tupu haina alumini ya kuliwa, ila skrubu na vipande vya chuma vilivyozamishwa ndani ya kaboni bado vinahitaji kufunguliwa angalau mara moja kwa wiki.

Kwa shule na wakodishaji wenye foili nyingi, ushauri wetu ni huu: mabawa na fyuselaji zifunguliwe kila jioni bila kujadiliana, bamba la juu lifunguliwe kila mwisho wa wiki. Kijana wa stoo apewe muda wa kazi hiyo ndani ya saa zake za kazi. Akiambiwa aifanye baada ya saa kumi na mbili, giza limeingia na nyumbani wanamsubiri, haitafanyika, na lawama si yake.

Maji ya kisima yanafaa?

Yaonje kwanza. Visima vingi vilivyo karibu na ufuo vimeingiliwa na maji ya bahari, na maji yake yana uchumvichumvi ingawa watu wanayaogea. Kipimo kingine ni sabuni: ikigoma kutoa povu, hayo maji ni magumu na huenda yana chumvi. Bado ni afadhali kuyatumia kwa suuzo la kwanza, halafu suuzo la mwisho la viungo na skrubu liwe la maji ya mvua au ya bomba. Lita mbili tatu zinatosha kwa suuzo hilo la mwisho. Mwenye paa la bati na tangi la kukinga mvua ana dawa bora ya foili kuliko yoyote iliyoko dukani.

Nioshe kwa sabuni, siki au Jiki?

Sabuni laini ya kuoshea vyombo inafaa, suuza vizuri baada yake. Siki inasaidia kulainisha ukoko wa chumvi na chokaa kwenye matundu. Ichanganye na maji, iache dakika chache, kisha suuza, kwa maana ikikaa sana nayo hula alumini. Ndimu ni vivyo hivyo.

Jiki usiiguse. Ni klorini, na hushambulia alumini na stenlesi kwa pamoja. Hata mlingoti ukiwa na ukungu kutoka stoo, tumia sabuni.

Nisugue na nini?

Dodoki, mswaki, au brashi ya nailoni. Stilwaya ya kusugulia sufuria hapana: huacha chembe ndogo za chuma ambazo hushika kutu nyekundu kesho yake, na kutu hiyo ikianza juu ya stenlesi inafungua njia ya vishimo. Brashi ya waya wa chuma ina kosa lilelile.

## 3. Skrubu na grisi

Nitumie grisi gani?

Tafuta ile iliyotengenezwa mahsusi kuzuia vyuma tofauti visigandane baharini. Tef-Gel ndiyo inayojulikana zaidi kwa watu wa foili. Lanocote, inayotokana na mafuta ya manyoya ya kondoo, na Duralac, inayotumiwa sana na mafundi wa milingoti ya mashua za starehe, nazo zinafanya kazi. Duralac ya asili ina kromati, ambayo ni sumu, kwa hiyo vaa glovu. Bei zake zinauma ukiangalia ukubwa wa kichupa, lakini kichupa kimoja humtosha mtu mmoja muda mrefu.

Ukikosa zote, grisi ya majini inayouzwa kwa ajili ya mashine za boti ni mbadala unaokubalika. Grisi ya kawaida ya beringi za gari ni bora kuliko kufunga skrubu kavu, ila huoshwa upesi, ipake kila unapofungua.

Grisi ya shaba je? Na ile nyeusi ya grafiti?

Zote mbili hazifai kwenye alumini inayoingia baharini. Fundi wa gari atakupa ya shaba kwa nia njema kabisa, kwa sababu kwenye injini inafanya kazi nzuri. Lakini shaba na grafiti ziko upande wa wapokeaji katika ile betri tuliyoieleza sehemu ya kwanza. Unakuwa umepaka ndani ya tundu la alumini kitu kilekile ulichotaka kukitenga nalo.

Mafuta ya nazi au sifa?

Sifa, yale mafuta ya papa, imelinda mbao za majahazi yetu tangu zamani na kwa mbao inastahili sifa zake zote. Kwenye meno ya skrubu haikai. Mafuta ya nazi nayo huoshwa na maji na baadaye huchacha. Ukiwa huna chochote kingine, futia mafuta sehemu za nje kabla ya kuhifadhi, lakini usiyategemee kati ya alumini na stenlesi.

WD-40 inatosha?

Inafukuza maji, na kwa kazi hiyo ni nzuri: nyunyizia matundu baada ya kusuuza, ifute, kisha paka grisi. Yenyewe huacha utando mwembamba mno ambao hautamaliza hata siku moja majini.

Nipake wapi, na kiasi gani?

Chukua skrubu iliyokauka. Weka grisi kiasi cha punje ya mchele kwenye meno ya karibu na ncha, izungushe kati ya vidole mpaka kila bonde la meno liwe na weupe wake, halafu paka kidogo chini ya kichwa, pale kinapokaa kwenye bawa. Ukiikaza, uzi mwembamba wa grisi utatokeza kuzunguka kichwa. Ndiyo ishara kwamba ndani pamejaa. Ufute, mchanga usije ukaganda hapo.

Watu wengi huishia kwenye skrubu. Nyuso za viungo zinahitaji grisi vilevile: ule mkia wa mlingoti unaoingia kwenye fyuselaji, na sehemu za fyuselaji zinazokaliwa na mabawa. Utando mwembamba tu, kiasi cha kuona mng'ao.

Skrubu ikipotea, ninunue ipi?

Angalia alama kichwani. A4 ni stenlesi yenye molibdenamu asilimia 2 hadi 3, ndiyo ya baharini; inajulikana pia kama 316. A2, yaani 304, itaonyesha madoa ya kahawia mapema na haivumilii nyufa zenye chumvi. Nambari inayofuata, 70 au 80, ni ya nguvu: A4-80 ina nguvu kuliko A4-70.

Duka la vifaa vya ujenzi litakuuzia skrubu iliyopakwa zinki inayong'aa. Usiifunge kwenye foili hata kwa siku moja. Zinki huisha upesi, chuma cha ndani kinavimba kwa kutu, na unabaki na kazi ya sehemu ya nne. Urefu nao ni muhimu: ndefu kupita kiasi hugota chini ya reli na kutoboa ubao, fupi hushika meno mawili matatu na kuyang'oa.

Sumaku inaweza kunitambulishia stenlesi nzuri?

Nusu tu. Sumaku ikinasa kwa nguvu, hiyo si skrubu unayoitaka. Isiponasa, au ikinasa kwa mbali, ni stenlesi ya A2 au A4, na sumaku haiwezi kukutofautishia hizo mbili.

Titaniamu inamaliza tatizo?

Inamaliza la skrubu yenyewe, kwani titaniamu haiguswi na maji ya bahari. Kwa tundu la alumini, titaniamu ni mpokeaji kama stenlesi, kwa hiyo grisi ni ileile. Ina tabia pia ya kung'ang'aniana na titaniamu mwenzake ikikazwa kavu. Nunua ukipenda wepesi wake, usiinunue ili uache kupaka grisi.

Nikaze kiasi gani? Na gundi ya skrubu nitumie?

Fuata kipimo cha kampuni. Bila kifaa cha kupimia, kaza kwa ufunguo mfupi wa L ukiushika kwa vidole, zote kwa zamu, kidogo kidogo, kisha malizia kwa mkono. Usiongeze bomba kwenye ufunguo. Baada ya dakika kumi za kwanza majini rudi ufukweni uziangalie, hasa bawa likiwa jipya.

Gundi ya skrubu na grisi havikai pamoja. Grisi huifanya gundi isishike. Kwenye foili inayofunguliwa kila siku, grisi inashinda. Skrubu ikilegea mara kwa mara chunguza kama kuna mchanga kwenye kiungo au meno yamechoka.

## 4. Imeshaganda

Skrubu haizunguki. Nianzie wapi?

Anza kwa kutofanya kitu kwa nguvu. Skrubu nyingi zinazokatika zingeweza kutoka salama kama mwenyewe angelala na kuamka.

Safisha tundu la kichwa kwa pini au kijiti mpaka chini, ufunguo ukae wote. Ufunguo uwe mpya au usiochoka. Wa bei rahisi uliozunguka kingo ndio unaoharibu vichwa. Mwagia mafuta ya kupenya, gonga kichwa cha skrubu taratibu kwa nyundo ndogo mara kadhaa ili unga uliokaza upasuke, mwagia tena, acha usiku kucha. Asubuhi jaribu kwanza kuikaza kidogo sana, kisha uifungue. Ikisogea, nenda mbele na nyuma, ukiongeza mafuta.

Ikikataa, tumia joto. Alumini ikipashwa hutanuka kuliko stenlesi kwa zaidi ya theluthi, hivyo tundu hufunguka kuliko skrubu inavyonenepa. Kipande kikiwa ni alumini tupu, kimwagie maji yanayochemka kwa dakika kadhaa na ujaribu papo hapo. Kama kimeungana na kaboni, usitumie maji yanayochemka wala moto wa aina yoyote: epoksi, ile gundi inayoshikilia nyuzi za kaboni, mara nyingi huanza kulainika kabla ya joto hilo. Hapo azima chuma cha fundi redio cha kulehemea risasi, kishikilie kwenye kichwa cha skrubu peke yake, ukiwa umeweka kiganja kwenye kaboni. Kiganja kikishindwa kuvumilia, simama.

Tundu la kichwa limekuwa mviringo.

Chukua ncha ya Torx (ile yenye umbo la nyota) iliyo kubwa kidogo kuliko tundu, igonge iingie kwa nguvu, kisha fungua. Mara nyingi hutoka kwa jaribio la kwanza, mradi umeshafanya yale ya jibu lililotangulia. Skrubu hiyo usiirudishe.

Imekatikia ndani.

Hapa mpe fundi mwenye mashine ya kutobolea iliyosimama. Kutoboa kwa mkono stenlesi iliyo ndani ya alumini kuna hatari moja kubwa: keekee huteleza kwenda kwenye alumini kwa sababu ni laini, na tundu linakwenda upande. Ukimpata fundi, mwombe atumie ncha inayozunguka kinyume, maana wakati mwingine skrubu hutoka yenyewe wakati wa kutoboa. Meno yakiharibika, tundu hupanuliwa na kuwekwa meno ya bandia ya waya wa stenlesi. Ukipaka grisi ya kutenga wakati wa kuyaweka, huweza kudumu kuliko meno ya mwanzo.

Mlingoti umeng'ang'ania ndani ya fyuselaji.

Ondoa skrubu zote kwanza, uhesabu mara mbili, kwani kuna fyuselaji zenye skrubu ya kando inayosahaulika. Zamisha kiungo kwenye maji matamu yenye siki kidogo kwa saa chache, suuza, weka mafuta ya kupenya, acha. Kisha mtu mmoja ashike mlingoti na mwingine agonge fyuselaji kwa nyundo ya mpira, au nyundo ya kawaida juu ya kipande cha mbao, mbele na nyuma kwa zamu, karibu kabisa na mlingoti. Usitumie bawa kama mkono wa kuzungushia; kiti cha bawa kitapinda.

## 5. Makwaruzo, miamba na mabawa

Mkwaruzo kwenye mlingoti wa alumini una madhara?

Uliovuka anodaizi, ndiyo. Safisha kwa maji matamu, kausha, lainisha kingo kwa msasa mwembamba wa maji, na ufunike kwa rangi ya epoksi. Kwa mkwaruzo mdogo hata rangi ya kucha inatosha, irudie kila inapobanduka.

Na kaboni?

Kaboni yenyewe hailiwi, ila nyuzi zilizo wazi hunywa maji na, zikiwa karibu na alumini, huongeza upande wa wapokeaji. Kausha siku moja kamili, ziba kwa epoksi, piga msasa wa 400, kisha 600, kisha 1000.

Foili inavuma au kupiga mluzi.

Angalia ukingo wa nyuma wa bawa na wa mlingoti. Kipande kilichomeguka au rangi iliyojikunja huyumbisha maji na kutoa mlio. Msasa mwembamba kwa mwelekeo wa maji humaliza mlio mwingi. Kama mlio ulianza ghafla bila kugonga kitu, kagua skrubu kwanza.

Nitaepukaje kugonga chini?

Jua maji. Wakati wa bamvu tofauti ya kujaa na kupwa huku Unguja inaweza kufikia kama mita 4, na wangwa wa Paje uliokuwa na kina maji yalipojaa unaweza kuwa mchanga mtupu yakipwa. Mlingoti wa sentimita 75 pamoja na fyuselaji unahitaji kina kinachofika kifuani, si magotini. Maji mafu ni mapole zaidi kwa anayejifunza.

Na yako mashamba ya mwani. Vijiti na kamba zile ni kazi ya mikono ya kina mama wa kijiji, na bawa la foili hukata kamba kwa kupita mara moja. Zunguka mbali, hata kama maji yamejaa na hayaonekani. Ukikata, nenda ukawaambie na ulipe.

## 6. Kuhifadhi na kusafiri

Masika yakifika, nihifadhi vipi?

Aprili na Mei upepo umetulia na unyevu uko juu kabisa. Fungua kila kitu, pamoja na nati zilizomo ndani ya reli za ubao. Zinasahaulika, zinaganda na mchanga, na Juni hazisogei. Suuza kama ilivyoelezwa sehemu ya 2, paka grisi nyuso za viungo, weka skrubu kwenye kikopo chenye kifuniko. Vipande visigusane. Viweke juu ya rafu ndani ya nyumba, mbali na sakafu ya saruji inayotoa unyevu. Banda la makuti lililo wazi upande wa bahari halifai, kwa kuwa upepo huleta chumvi hata usipoingia majini.

Mifuko ya mabawa ni salama?

Ni salama kwa kubebea. Kwa kulalia, bawa likiwa na umajimaji na mfuko ukiwa na chumvi ya wiki nzima, unalifunga pamoja na adui yake. Mifuko nayo huoshwa.

Nikisafiri kwa ndege?

Fungua yote, skrubu ziwe kwenye mfuko wake. Ubao wenye kizibo cha hewa kinachofunguliwa kwa mkono, kilegeze kabla ya safari na ukumbuke kukikaza kabla ya kuingia majini. Betri kubwa za foili za umeme hazipokewi kwenye ndege za abiria, panga mapema.

## 7. Hali zisizo za kawaida

Ninacheza ziwani. Haya yananihusu?

Kwa sehemu. Maji ya Ziwa Victoria hayapitishi umeme vizuri kama ya bahari, kwa hiyo kuliwa kwa alumini ni kwa polepole sana. Mchanga, skrubu kavu na kukaza kupita kiasi ni vilevile kokote. Ukiileta foili ya ziwani pwani kwa likizo, ifungue na uipake grisi kabla ya kuingia, kwani huenda haijawahi kupakwa.

Foili ya umeme inahitaji kitu cha ziada?

Kagua mipira ya kuzuia maji kila unapofungua sanduku la betri: nywele moja au chembe ya mchanga juu yake inatosha kuingiza maji. Ifute, ipake silikoni kidogo. Kama mota ina kipande cha zinki cha kujitoa mhanga, kibadilishe kikishaliwa nusu. Usikipake rangi wala grisi, kitaacha kufanya kazi. Kipande hicho cha zinki hakiwekwi kwenye foili ya kawaida inayofunguliwa kila siku, hakuna haja.

Nimeona ufa mwembamba karibu na tundu la skrubu. Naendelea?

Hapana. Chumvi na mzigo unaopanda na kushuka vikifanya kazi pamoja huukuza ufa haraka, na hakuna chuma kisichoguswa na jambo hilo. Meli ya kivita ya Kanada, HMCS Bras d'Or, iliyopita noti 60 mwaka 1969, foili zake zilikuwa za chuma kigumu mno chenye nikeli, na bado nyufa zilikutwa kwenye foili yake kuu. Bawa likikatika ukiwa kwenye mwendo utaangukia vipande vyenye makali. Kipande chenye ufa kibadilishwe. Kuchomelea alumini hupunguza ugumu wake pale pale palipochomelewa.

Ninanunua foili iliyotumika. Niangalie nini?

Mwambie muuzaji aifungue mbele yako, yote. Akisema "hii haijawahi kusumbua, ila leo sina ufunguo", wewe nenda na ufunguo wako. Skrubu ikitoka na unga mweupe kidogo, bei ishuke. Ikigoma kutoka, hesabu kwamba unanunua mabawa bila fyuselaji. Pitisha ukucha kwenye kiti cha mlingoti ndani ya fyuselaji: vishimo vinavyonasa ukucha maana yake kiungo kitacheza hata ukikikaza. Shika ncha ya bawa na utikise kabla haijafunguliwa. Mchezo wowote unaousikia mkononi uutafute umetoka wapi. Mwisho uliza bei ya fyuselaji mpya ya modeli hiyo na kama bado inatengenezwa, kwa maana kampuni hubadilisha viungo vyake na kipande cha mwaka jana kinaweza kisiingie kwenye cha mwaka huu.